Penye Nyota Chache

Mwaka 1983 mwanaastronomia Marc Aaronson alitangaza vipimo vya kasi ya nyota tatu tu za galaksi iitwayo Draco. Galaksi hiyo ni ndogo, iko umbali wa miaka ya nuru 250,000 hivi kutoka kwetu, na mwanga wake ni hafifu mno kwa macho. Hata kwa darubini ya vioo sita iliyokuwa juu ya Mlima Hopkins, Arizona, aliweza kupima zile tu zinazong'aa kupita wenzake, za aina iitwayo nyota za kaboni. Alitaka kujua jambo moja: nyota hizi zinatofautiana kasi kiasi gani?

Jibu lililotarajiwa lingeweza kukokotolewa kwenye kipande cha karatasi. Nyota zote za Draco zikijumlishwa hutoa mwanga wa Majua 300,000 hivi, nazo zimetawanyika katika eneo lenye upana wa zaidi ya miaka ya nuru elfu moja. Mvutano wa nyota chache namna hiyo, zilizoachana namna hiyo, unatosha kushikilia kundi ambalo nyota zake hutofautiana kwa kilomita moja hivi kwa sekunde. Aaronson alikuta tofauti iliyozidi hapo mara kadhaa. Waliomfuata, wakiwa na vipimo vya mamia ya nyota, walifikia kilomita tisa hivi kwa sekunde.

Fikiria jiwe linalozungushwa kwa kombeo. Likizunguka kwa kasi zaidi, mkono lazima ushike kwa nguvu zaidi, tena si kwa ulinganifu wa moja kwa moja: kasi ikizidi mara tisa, nguvu inayohitajika huzidi mara 81. Ukiwa mbali, huuoni mkono, lakini bado unaweza kuijua nguvu yake kwa kulitazama jiwe. Hivyo ndivyo Draco inavyopimwa. Nyota zake zinakwenda kwa kasi ambayo ingezitawanya zamani sana, nazo hazijatawanyika. Kuna kitu kinachozishikilia, chenye tungamo mara themanini hivi ya nyota zenyewe, na kitu hicho hakitoi mwanga wowote.

Wengi walisita kumwamini, na walikuwa na haki ya kusita. Nyota tatu ni chache. Huenda moja ilikuwa na mwenzake inayoizunguka, na kasi iliyopimwa ikawa ya mzunguko huo wala si ya galaksi. Aaronson hakuishi kuona shaka hizo zikiondoka. Alifariki mwaka 1987 kwa ajali kwenye kituo cha darubini cha Kitt Peak, akiwa na umri wa miaka 36. Nalitaja jina lake mwanzoni mwa sura hii kwa sababu kila utafutaji nitakaoueleza umejengwa juu ya kazi aliyoianza.

Maada ya giza, kama kitu hicho kinavyoitwa, ilikuwa na historia kabla ya Aaronson, nami nimeieleza katika sura zilizotangulia: Fritz Zwicky mwaka 1933 na kundi la galaksi la Coma, kisha Vera Rubin na Kent Ford na mzunguko wa Andromeda katika miaka ya 1970. Leo tunajua kuwa katika ulimwengu mzima maada hii inazidi ile ya kawaida mara tano hivi. Yaani Draco, yenye mara themanini, imepitiliza hata kipimo cha ulimwengu. Imepoteza karibu kila kitu isipokuwa giza lake.

Imepotezaje? Galaksi kubwa kama yetu, Njia Nyeupe, ina mvutano wa kutosha kushika gesi yake. Nyota zinapolipuka huisukuma gesi nje, lakini nyingi hurudi na kuzaa nyota nyingine. Galaksi kibete kama Draco haina nguvu hiyo. Milipuko ya kwanza tu hufukuza gesi nyingi, na galaksi kubwa iliyo jirani humalizia kuikwangua iliyobaki. Uzazi wa nyota hukoma. Zinabaki nyota kongwe chache, zikielea ndani ya wingu zito la maada ya giza ambalo milipuko ile haikuweza kulifukuza.

Galaksi za kwanza za aina hii zilitambuliwa kutoka bara letu. Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na kituo cha darubini kiitwacho Boyden, karibu na Bloemfontein, Afrika Kusini, na mwaka 1938 Harlow Shapley alitangaza kwamba katika picha za kituo hicho kulikuwa na kundi la nyota hafifu katika eneo la Sculptor lisilofanana na chochote kilichojulikana. Mwaka huohuo ikaongezwa Fornax. Draco na nyingine za anga ya kaskazini zilifuata katika miaka ya 1950. Kwa miongo kadhaa zilihesabika kwa vidole, na watu wengi waliziona kama vitu vya pembeni, visivyo na la kueleza kuhusu maswali makubwa.

Thamani yake ilibadilika wanafizikia walipoanza kuuliza kama giza hilo linaweza kutoa ishara yake lenyewe.

Nadharia iliyopewa uzito zaidi kwa miaka mingi inasema kwamba maada ya giza ni chembe nzito, zenye tungamo la makumi au mamia ya protoni, ambazo hugusana na maada ya kawaida kwa nguvu hafifu sana. Wanafizikia huziita wimpi. Wimpi mbili zikikutana zinaweza kuangamizana, na nishati ya tungamo lao hugeuka kuwa chembe tunazozifahamu, kwaki kwa mfano. Hizo nazo hazidumu. Zinavunjika na kuzaa chembe nyingine, zikiwemo pioni zisizo na chaji, na kila pioni ya namna hiyo hufa mara moja kwa kutoa fotoni mbili za miale ya gama. Fotoni hizo hazipindwi na sumaku ya angani kama zinavyopindwa chembe zenye chaji. Husafiri moja kwa moja, na zikifika kwetu zinaonyesha zilikotoka.

Kinachonivutia zaidi katika nadharia hii ni kwamba inatoa namba. Ulimwengu ulipokuwa mchanga na wenye joto kali, wimpi zilizaliwa na kuangamizana bila kukoma. Ulimwengu ulipopanuka na kupoa, hazikuzaliwa tena, na zilizobaki ziliachana kiasi cha kutokutana ila kwa nadra. Kama zingekuwa zinaangamizana kwa wepesi mno, zingebaki chache. Kwa uzito mno, zingebaki nyingi kupita kiasi. Kiasi tunachokipima leo kinaturuhusu kurudi nyuma na kukokotoa wepesi huo. Basi anayeamini wimpi hawezi kusema tu kwamba labda zipo na labda zitaonekana siku moja. Lazima akubali kiwango fulani cha kuangamizana, na kiwango hicho kinaweza kutafutwa angani.

Lakini tutafute wapi? Kukutana kunahitaji wawili, kwa hiyo msongamano ukiongezeka mara kumi, mikutano huongezeka mara mia. Kwa hesabu hiyo, mahali pa kwanza pangekuwa kitovu cha Njia Nyeupe, ambapo maada ya giza imerundikana na ni karibu kuliko galaksi nyingine yoyote. Tatizo ni kwamba kitovu hicho kimejaa gesi, na miale ya kosmiki, yaani protoni zenye kasi kubwa zinazozagaa angani, huigonga gesi hiyo saa zote. Migongano hiyo huzaa pioni zilezile, na pioni hizo hutoa fotoni zilezile. Pioni haina kumbukumbu ya mzazi wake. Ongeza mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi, yaitwayo pulsa, nayo hutoa gama, na utaona kwa nini mtafiti anayepokea fotoni kutoka kule hawezi kulala na uhakika.

Galaksi kibete haina gesi, kwa hiyo miale ya kosmiki haina cha kugonga. Haina nyota changa, kwa hiyo haina milipuko. Pulsa zake, kama zipo, ni chache mno. Ishara inayotarajiwa kutoka Draco ni dhaifu kuliko ya kitovu cha Njia Nyeupe, kwa kuwa Draco iko mbali karibu mara kumi. Lakini mwanga wa gama ukionekana pale, itakuwa vigumu sana kutafuta maelezo mengine.

Miale ya gama haifiki ardhini; angahewa huimeza, na ndiyo maana tuko hai. Kuipokea moja kwa moja kunahitaji setilaiti, na hapa pwani yetu inaingia katika historia. Tarehe 15 Novemba 1972 setilaiti ya Marekani iitwayo SAS-2 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitaliano baharini katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Miaka miwili kabla yake, tarehe 12 Desemba 1970, jukwaa hilohilo lilirusha setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya miale ya eksi ya angani, ikaitwa Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Pwani ile ilichaguliwa kwa sababu za kisayansi. Setilaiti inayozunguka karibu sana na ikweta huepuka eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zilizonaswa na sumaku ya Dunia hushuka chini na kuvuruga vipimo. SAS-2 ilifanya kazi kwa miezi saba hivi, hadi Juni 1973, lakini ilitosha kuonyesha kwamba anga ya gama ina umbo: inang'aa kwa kufuata mkanda wa Njia Nyeupe, na nyuma yake kuna mng'ao hafifu unaotoka kila upande. Ningependa kila mwanafunzi wa fizikia wa Kilifi na Tanga alijue hili.

Chombo kinachofanya kazi hiyo leo kinaitwa Fermi. Kilirushwa na NASA tarehe 11 Juni 2008, nacho huizunguka Dunia kwa dakika 95 hivi, kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 500. Njia yake haivuki nyuzi 26 kaskazini wala kusini mwa ikweta, kwa hiyo Afrika Mashariki yote iko chini ya mkanda wake. Darubini yake kuu haina kioo wala lenzi, kwa sababu fotoni ya gama hupenya kioo. Badala yake kuna minara 16 ya tabaka nyembamba za metali ya tangsteni zilizopangwa pamoja na vigunduzi vya silikoni. Fotoni ikigonga tangsteni hugeuka kuwa elektroni na pozitroni. Hizo mbili huacha nyayo kwenye silikoni, na nyayo zikifuatwa kinyume huonyesha upande ilikotoka fotoni. Chini kabisa kuna fuwele zinazopima nishati iliyoingia. Nje pamefunikwa na vigae vya plastiki maalumu ambavyo hutoa taarifa kila inapopita chembe yenye chaji, na taarifa hizo ni muhimu kuliko zinavyoonekana: chembe za namna hiyo zinazopiga chombo ni nyingi kupita fotoni mara maelfu, na bila kuzichuja hakuna astronomia itakayofanyika.

Kwa wakati mmoja Fermi huona sehemu ya tano ya anga. Kwa kuyumba kaskazini na kusini katika mizunguko yake, huimaliza anga nzima kila baada ya saa tatu.

Mwaka 2011 timu ya Fermi ilitoa matokeo ya galaksi kibete 10 kwa data ya miaka miwili. Hawakuzitazama moja moja. Kwa kuwa kasi za nyota hutuambia kila galaksi ina maada ya giza kiasi gani, na umbali wake unajulikana, inawezekana kukadiria ipi ingetoa fotoni nyingi na ipi chache, kisha kuuliza swali moja kwa zote kwa pamoja: je, kuna wimpi ya tungamo hili ambayo ingeleta muundo huu? Hawakukuta kitu. Mwaka 2015 walirudi na galaksi 15, data ya miaka sita, na mbinu mpya ya kuchambua kila tukio. Hawakukuta kitu tena, lakini safari hii kutokukuta kulikuwa na meno. Wimpi nyepesi kuliko GeV 100 hivi, yaani tungamo la protoni mia na kidogo, zinazogeuka kuwa kwaki au chembe za tau kwa kiwango kile kilichokokotolewa kutoka kwenye ulimwengu mchanga, zilitakiwa kuonekana.

Habari kama hii hupita kimya magazetini, kwa kuwa hakuna kilichogunduliwa. Mimi naiona ni miongoni mwa kazi bora za fizikia ya karne hii. Nadharia ilitaja kiwango, watu wakajenga chombo kinachoweza kukifikia, wakakifikia, na sehemu kubwa ya uwanja iliyokuwa wazi kwa kila dhana ikafungwa. Aliyekuwa akifikiri wimpi ya protoni 30 yenye tabia hiyo rahisi sasa lazima aieleze upya au aiache.

Mwaka huohuo wa 2015 ulikuwa na msisimko wake. Kamera kubwa ya darubini ya Blanco, Chile, ilikuwa ikipiga picha anga ya kusini, na mwezi Machi makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwa pamoja galaksi kibete mpya kadhaa. Moja, Reticulum II, iko umbali wa miaka ya nuru 100,000 hivi, karibu kuliko nusu ya umbali wa Draco. Papo hapo Alex Geringer-Sameth na wenzake walichambua data ya Fermi iliyo wazi kwa umma, wakaona fotoni zilizozidi kiwango cha kawaida, za nishati kati ya GeV 2 na 10, palepale ilipo Reticulum II. Timu ya Fermi yenyewe, pamoja na waliozigundua galaksi hizo, ilichambua kwa data iliyosafishwa upya, nayo ikaona ziada hiyo ni ndogo mno kuhesabika kama ugunduzi.

Nani alikuwa sahihi? Tofauti haikutokana na uzembe wa yeyote. Anga ya gama haiko tupu hata pale panapoonekana patupu. Imejaa galaksi za mbali zenye mashimo meusi makubwa, hafifu kiasi cha kutotambulika moja moja. Ukichagua maelfu ya nukta angani bila mpangilio, sehemu fulani ya hizo zitaonyesha ziada kwa bahati tu, na sehemu hiyo ni kubwa kuliko hesabu safi za takwimu zinavyodai. Kipimo kingine ni muda. Ishara ya kweli hukua mwaka hadi mwaka kadiri fotoni zinavyoongezeka, na ile ya Reticulum II haikukua hivyo. Mwaka 2024 ulipochapishwa uchambuzi wa miaka 14 uliojumlisha makumi ya galaksi kibete, kulikuwa na dalili hafifu ambayo, ikihesabiwa dhidi ya idadi ya mahali palipotazamwa, haina uzito wa kutangaza lolote.

Swali hili linagusa pia kitovu cha Njia Nyeupe. Mwaka 2009 Lisa Goodenough na Dan Hooper waliona katika data ya Fermi ziada ya gama kutoka huko, yenye umbo ambalo wimpi ya makumi ya GeV ingeweza kulitoa. Wengine huieleza kwa maelfu ya pulsa zisizoonekana. Kama ziada hiyo ingekuwa ya maada ya giza, galaksi kibete nazo zingepaswa kuanza kung'aa, na hazijang'aa. Ni ushahidi mzito, ingawa haujafunga kesi, na sababu yake iko katika hatua ile ya mwanzo kabisa: kupima giza kwa kasi za nyota.

Triangulum II inaonyesha vizuri. Iligunduliwa mwaka 2015, na Evan Kirby na wenzake walipima nyota zake sita, wakapata kasi kubwa ajabu. Kwa hesabu hiyo ilikuwa mojawapo ya galaksi zenye giza zito kuliko zote, na watafutaji wa gama waliipandisha juu ya orodha zao. Mwaka 2017 Kirby alirudi na nyota 13. Moja kati ya zile za kwanza ilikutwa ina mwenzake. Kasi yake ilikuwa ikibadilika kwa sababu ya kuzungukana. Ilipoondolewa, kasi ya galaksi ilishuka, na uzito uliodaiwa ukashuka nao. Ni shaka ileile waliyokuwa nayo waliomsoma Aaronson mwaka 1983. Kwa Draco haikuwa na nguvu. Kwa galaksi zenye nyota chache zinazopimika, inaweza kupindua matokeo yote. Ndiyo maana naamini kwamba kazi ngumu zaidi katika utafutaji huu hufanywa na watu wa darubini za ardhini wanaokesha wakipima kasi za nyota, wala haifanywi na setilaiti.

Kwa wimpi nzito zaidi, za maelfu ya GeV, Fermi ni ndogo mno, na angahewa yenyewe hugeuzwa kuwa kigunduzi. Fotoni yenye nishati kubwa ikigonga hewa huzaa mvua ya chembe zinazotoa mmweko wa bluu unaodumu sehemu chache za bilioni za sekunde. Nyanda za juu za Khomas, Namibia, kwenye mita 1,800, zina darubini za H.E.S.S. zilizojengwa kuunasa mmweko huo: nne tangu miaka ya 2003 na 2004, na ya tano, yenye kioo cha upana wa mita 28, tangu 2012. Zikiwa kusini, huzitazama Sculptor, Fornax na Sagittarius zikiwa juu angani. Kule La Palma darubini za MAGIC zilitumia saa 158 kuitazama Segue 1, galaksi yenye mwanga wa Majua 300 tu. Baadaye timu za Fermi, H.E.S.S., MAGIC na vituo vingine viwili vya gama, VERITAS na HAWC, ziliunganisha data zao kuhusu galaksi 20. Kimya kikawa kilekile, sasa kwa upana wa nishati ambao chombo kimoja kisingeweza kuufunika.

Kituo cha Vera C. Rubin, Chile, kilichotoa picha zake za kwanza Juni 2025, kinatarajiwa kugundua galaksi kibete nyingi ambazo hadi sasa hazijaonekana, hasa za anga ya kusini. Kwa kila moja itakayopatikana, Fermi imekwisha kufanya sehemu yake, kwani imekuwa ikipita juu ya mahali hapo kila baada ya saa chache tangu Agosti 2008. Fotoni zilizofika kutoka huko zimehifadhiwa, na NASA imeziweka wazi kwa yeyote anayetaka kuzipakua, awe Dodoma, Bukavu au Muscat, pamoja na programu za kuzichambua. Anayetaka kuanza leo anaweza kuanza na Draco.